Madawati yetu ya paini yanapasuka kila kiangazi: tununue mashine, gundi au mninga?

Swali: Shikamoo fundi. Mimi ni katibu wa kikundi chenye karakana ndogo hapa Uyole, Mbeya. Watu wa mtaa huleta viti, meza na milango mibovu, tunaitengeneza pamoja nao. Mwaka huu shule ya msingi ya jirani ilitupa madawati 14 tuyabadilishie nyuso na vikalio. Mbao za paini tulinunua mwezi wa nne, kazi tukaifanya mwezi wa tano na wa sita. Sasa ni Oktoba, nyuso 9 zimepasuka, miguu inacheza, na meza kubwa tuliyotengenezea ofisi ya mtaa imefunguka katikati. Tukibandua maungio, gundi ni nyeupe na inapukutika kama chaki. Wenzangu wengine wanasema tuhamie mninga, wengine tutafute gundi ya bei kubwa. Tuna akiba kidogo tuliyoiweka kwa ajili ya mashine ya randa. Tuanzie wapi?

Jibu: Marahaba katibu, na poleni kwa kazi iliyowarudia mikononi. Nianze na la akiba. Mwaka huu isiende kwenye mashine ya randa, wala kwenye gundi ya bei kubwa. Jengeni banda la kukaushia mbao na mnunue mizani ya jikoni. Nitaeleza kwa urefu, maana kila dawati lina watoto wawili au watatu wanaolisubiri, na nisingependa mlifungue kwa mara ya tatu.

Tazama tarehe ulizoniandikia. Mbao mlinunua Aprili, mvua ikiwa haijakatika. Mbao nyingi za paini zinazouzwa Mbeya na Iringa hupasuliwa kwa mashine za dingdong, yaani misumeno midogo ya kuhamishika, hukohuko mashambani, zinapakiwa kwenye lori zikiwa bado zinatoa harufu ya utomvu, na baada ya siku chache zimeegeshwa kwenye ukuta wa muuzaji. Jua la siku tatu hukausha ngozi ya ubao. Ukiushika unahisi mkavu, ukiupiga randa mara mbili mkono unakutana na ubaridi wa maji. Ubaridi huo ndio ulioingia kwenye madawati yenu.

Maji ya ndani ya mbao yako ya namna mbili, na hapa naomba twende polepole kwa sababu ndipo penye jibu lote. Kuna maji yaliyojaa kwenye vijitundu vya mbao, kama maji ndani ya mrija. Hayo yakitoka ubao unapungua uzito lakini upana wake haubadiliki. Kisha kuna maji yaliyonyweshwa kwenye kuta za vijitundu hivyo. Ubao ukishuka hadi kiwango cha maji cha asilimia 30 hivi, ya kwanza yamekwisha na haya ya pili yanaanza kutoka. Hapo ndipo mbao zinapoanza kusinyaa, kupinda na kupasuka. Kwa hiyo ubao unaweza kukaa wiki kadhaa ukikauka bila dalili yoyote, fundi akaamini umetulia, kumbe kusinyaa hata hakujaanza.

Hausinyai sawa pande zote. Kwa urefu wa nyuzi ni kidogo mno, unaweza kuusahau. Kwa upana ni habari nyingine. Ubao wa paini uliopasuliwa kwa namna ya kawaida hupungua karibu robo ya asilimia moja ya upana wake kwa kila asilimia moja ya maji inayotoka. Tuseme mbao zenu zilikuwa na maji asilimia 25 mlipozigundisha, na leo Oktoba ziko kwenye 10. Uso wa dawati wenye upana wa sentimita 40 ulitaka kupungua karibu milimita 15. Ile meza ya ofisi, kama ina sentimita 90, ilitaka kupungua sentimita 3 na zaidi. Sasa jiulize, chini ya uso huo mliweka nini?

Bila shaka mliweka ubao wa kukatiza, mkaupaka gundi na kuukandamiza kwa misumari kutoka ukingo mmoja hadi mwingine, ili uso usipinde. Karibu kila fundi wa kwetu hufunzwa hivyo. Lakini ubao huo wa kukatiza nyuzi zake zinakwenda upande mwingine, kwa hiyo wenyewe hausinyai kwa urefu wake. Uso unataka kupungua, wa chini umeushikilia kwa misumari. Uso hauna njia isipokuwa kupasuka pale palipo dhaifu. Tena mkiongeza misumari mnauzidishia. Hata mbao kavu kabisa zikifungwa namna hiyo zitapasuka, itachukua muda tu, kwa kuwa mbao hazitulii moja kwa moja. Hewa yenye unyevu wa asilimia 80, kama ya Februari kwenu, huziacha mbao na maji ya karibu asilimia 16. Hewa ikishuka hadi asilimia 50, mbao nazo zinashuka hadi karibu 9. Kila mwaka zinapanda na kushuka hivyo. Vanishi hupunguza kasi ya mwendo huo, haiusimamishi.

Nije kwenye gundi ya chaki. Nimefurahi umeitaja, kwa sababu watu wengi wangeandika tu kwamba gundi ni mbovu. Gundi nyeupe ya mbao hukauka kwa kuachia maji yake yaingie kwenye ubao na hewani, na vichembe vyake vikikaribiana vinaungana kuwa ngozi moja ngumu inayoonekana kama plastiki. Inahitaji mambo mawili: mbao ziwe na nafasi ya kunywa maji yake, na kusiwe na baridi kali. Joto likishuka chini ya nyuzi 10 hivi, vichembe haviungani, vinabaki unga mweupe. Ninyi mligundisha Juni. Asubuhi za Juni Uyole unazijua, na za Makete au Njombe ni kali zaidi. Gundi ile ingefanya kazi nzuri saa sita mchana. Kwa hiyo msiitupe chupa iliyobaki, ila kuanzia Mei hadi Agosti msigundishe kabla ya saa nne asubuhi wala baada ya saa tisa alasiri. Mbao na chupa yenyewe zikae kwanza mahali penye joto, na kilichogundishwa kilale ndani. Klampu zikae hadi kesho yake, hata kama kopo limeandikwa saa moja.

Kuhusu mninga, wenzako wana hoja. Mninga husinyaa kidogo sana ukilinganisha na mbao nyingi, ndiyo maana milango ya zamani ya mninga bado inafunga vizuri. Lakini ni mti wa misitu ya asili, hukua polepole sana, na bei yake hamtaiweza kwa madawati 14. Sisi wa Nyanda za Juu Kusini tumezungukwa na paini. Msitu wa Sao Hill kule Mufindi peke yake una zaidi ya hekta 130,000, na juu yake kuna mashamba ya watu binafsi kutoka Kilolo hadi Rungwe. Karakana ya mtaa inayoshindwa kuitumia paini itabaki kusubiri wafadhili. Mkipata mninga wa mlango uliovunjwa au kitanda cha zamani, uhifadhini kwa ajili ya kabari, viraka na vishikizo vya droo. Mninga mpya mkiununua, dai risiti na hati zake za mali ya msitu.

Sasa mizani. Kipimo cha umeme cha unyevu wa mbao kipo na kinasaidia, lakini mizani ya jikoni inayosoma gramu moja moja inawatosha. Chagua ubao mmoja katikati ya lundo, ingia nusu mita kutoka mwishoni kwa sababu miisho hukauka mapema na itakudanganya, kata kipande cha upana wote chenye unene wa vidole viwili. Kipime hapohapo. Kisha kikaushe: sufuria kubwa, mchanga chini, moto mdogo wa mkaa chini na juu ya mfuniko, kama akina mama wanavyooka keki. Kikianza kunuka moshi, punguza moto. Kipime kila baada ya saa mbili hadi uzito usishuke tena. Uzito wa mwanzo toa uzito wa mwisho, gawanya kwa uzito wa mwisho, zidisha kwa mia. Kipande cha gramu 212 kikiishia 164, tofauti ni 48, nayo ni asilimia 29 ya 164. Ubao huo ndiyo kwanza unaanza kusinyaa. Kwa samani za ndani huko kwenu ningependa kuona 12, na nisingegundisha chochote juu ya 14.

Banda lenyewe ni nguzo nne au sita, bati juu, pande zote wazi ili upepo upite, na jua lisigonge mbao moja kwa moja. Kitako cha kupangia kiinuke futi moja na zaidi kutoka chini na kiwe sawa kabisa, maana ubao hukauka kwa umbo uliolazwa nalo. Kati ya tabaka na tabaka wekeni vijiti vikavu vya inchi moja, vyote vya unene mmoja, umbali wa nusu mita. Kila kijiti kikae juu ya mwenzake wa chini, mstari mmoja hadi juu. Nimeona malundo mengi ambayo vijiti vimetupwa ovyo, na ubao ukitoka pale umepinda kama upinde mtu analaumu paini. Miisho ya mbao ipakeni rangi ya mafuta iliyobaki mahali, maji yasikimbilie kutokea huko. Juu ya lundo wekeni mawe au tofali. Mbao za inchi moja zikilala hivyo kuanzia mwanzo wa Mei zinakuwa tayari kati ya wiki 6 na 10. Za inchi mbili zipeni miezi mitatu hadi minne. Mlingoti (mkaratusi) ni mkaidi, hupasuka na kujikunja, msiuanze hadi mkono uzoee paini.

Mkienda kununua, tazameni miisho ya mbao kabla ya kuuliza bei. Ukiona moyo wa mti, kile kitone cha katikati, uko ndani ya ubao, au pete zake ni pana karibu sentimita moja, huo ni mti mchanga. Wakulima wetu wengi hukata paini kabla haijakomaa kwa sababu ada ya shule haisubiri, na siwalaumu. Ila mbao za karibu na moyo husinyaa hata kwa urefu, ndiyo maana zinapinda kama uta baada ya kukauka. Zinafaa kwa kasha la kuku au kizuizi cha udongo. Uso wa dawati utakeni kutoka sehemu ya nje ya gogo. Madoa ya bluu yasiwatishe, ni kuvu linalochafua rangi tu, halipunguzi nguvu kwa kiasi cha kuwahangaisha.

Twende kwenye madawati 14 yenyewe. Msijaze nyufa kwa unga wa msumeno na gundi, nawasihi. Mvua ikija ubao utavimba na kubana kile mlichojaza, na kiangazi kijacho ufa utafunguka pembeni yake. Oktoba ni mwezi mzuri wa kazi hii kwa kuwa mbao zimefikia ukavu wake wa mwisho. Ng'oeni misumari yote ya ubao wa kukatiza. Pasueni uso kwa msumeno kufuata ufa hadi uwe vipande viwili safi, pigeni randa kingo mpaka zikutane bila mwanga kupita, gundisheni na kubana klampu saa sita mchana. Upana uliopotea ongezeeni ukanda mwembamba upande wa mtoto anapoegemea mikono, hapo ndipo panapoliwa mapema.

Kisha rudisheni ubao wa kukatiza bila tone la gundi. Skrubu ya katikati ingie kwenye tundu la kawaida. Matundu ya pembeni kwenye ule ubao wa kukatiza yarefusheni kuelekea upana wa uso, yawe na milimita 12 kwa skrubu ya milimita 5, na skrubu ivae washa. Uso utapumua kutoka katikati kwenda pande zote mbili, na kati ya kifuku na kiangazi unahitaji takriban milimita 7 tu kwa jumla. Madawati ya fremu ya chuma ni hivyohivyo: refusheni matundu ya bolti kwenye chuma, msizikaze hadi ubao ulie. Vikalio si lazima vigundishwe kabisa. Mbao mbili zenye nafasi ya milimita 4 kati yake zinatosha kwa kukalia. Kwenye uso wa kuandikia nafasi kama hiyo inachana daftari, kwa hiyo pale hakuna njia ya mkato.

Miguu inayocheza ifungueni yote. Msipige msumari kwenye ungio lililolegea, unapasua ulimi, ile ncha ya ubao inayoingia kwenye tundu la mwenzake, na anayekuja baada yako anakosa pa kushika. Gundi mpya haishiki juu ya ya zamani, kwa hiyo ikwangueni. Iliyogoma ilainisheni kwa kitambaa chenye siki ya moto, halafu subirini pakauke. Ulimi uliosinyaa ubandikeni maranda manene kila upande, yale marefu yanayotoka kwenye randa iliyonolewa, kisha muuchonge kwa patasi hadi uingie tundu lake kwa kusukuma na kiganja. Ukihitaji nyundo umebana mno. Kama tundu limetoboka hadi upande wa pili, chaneni ulimi kwa msumeno na mgongomee kabari ya mninga. Hilo ungio halitoki tena.

Milango nitaipitia haraka. Paneli ielee kwenye mfereji wake, bila gundi wala msumari, na mkiitengeneza wakati wa kiangazi muiachie milimita 3 kila upande ya kuvimbia. Mlango unaokwama Februari msiukimbilie kwa randa, la sivyo Septemba panya atapita. Pakeni vanishi ukingo wa juu na wa chini, kwani hapo ndipo unapokunywa maji na ndipo mafundi wengi husahau. Nilijifunza hili kwa uchungu miaka mingi iliyopita. Nilitengeneza makabati ya zahanati moja ya Kyela nikiwa Njombe, kiangazi, kila droo ikaingia kwa kipimo cha kucha. Kyela iko bondeni kando ya Ziwa Nyasa, hewa yake nzito. Nilipoitwa Machi, wauguzi walikuwa wanafungua droo za dawa kwa bisibisi. Tangu siku hiyo huuliza kwanza kitu kitaishi wapi.

Jambo moja hukuliuliza, lakini karakana nyingi za kwetu huletewa vipande vya nguzo za umeme bure. Mbao zenye rangi ya kijani zimeshindiliwa dawa ya shaba, kromi na aseniki. Msiziweke kwenye uso wa dawati wala kwenye meza ya chakula. Mkilazimika kuzikata kwa ajili ya uzio, fanyeni nje, vaeni barakoa, na mnawe kabla ya kula. Vumbi na vipande vyake visiende jikoni kwa mtu yeyote, kwa sababu aseniki inabaki kwenye majivu na moshi wake ni sumu. Mwambieni kila mama anayekuja kuokota kuni karakanani, kwa maneno haya haya.

Mashine ya randa itafika zamu yake. Kwa sasa ingewasaidia kulainisha mbao mbichi kwa haraka zaidi, kisha zipasuke kwa haraka zaidi. Randa mbili za mkono zilizonolewa vizuri na klampu sita zinamaliza madawati haya kabla ya shule kufunguliwa Januari. Banda lijengwe kabla ya Mei, mbao za mwaka ujao ziingie mvua ikikatika, na kazi ya kugundisha ianze Septemba hewa ikiwa imepata joto. Leo jioni, chukueni ubao mmoja kutoka kwenye mabaki mliyonayo, mpime uzito wake mzima, muandike uzito na tarehe kwa penseli juu ya ubao wenyewe, kisha mpime tena kila Jumamosi. Wiki mbili mfululizo ukisoma namba ileile, huo uko tayari kwa dawati la kwanza.